Kasiksi Ina Siku Yake: Mwongozo Kamili wa Kutembelea Wakamuaji wa Pombe ya Ndizi Kandokando ya Bukavu

Bia ya kiwandani unaifuata siku yoyote unayotaka. Chupa ya Primus ya sentilita 72 iliyofungwa mwezi uliopita na ile ya juzi, ukipewa ukiwa umefumba macho, huwezi kuzitofautisha. Kasiksi haiko hivyo. Leo asubuhi ni mutobe, maji matamu ya ndizi. Kesho ni pombe changa inayotokota mtumbwini, yaani kwenye hori la mbao la kukamulia. Keshokutwa imekomaa. Siku ya nne imeshaanza kuelekea kwenye siki. Mtu anayepanda gari kwenda Kabare au Katana, nje ya mji wa Bukavu mashariki mwa Kongo, bila kuuliza ilikamuliwa lini atakunywa kile kilichobaki, kisha atarudi mjini akisema kasiksi ni pombe kali isiyo na ladha. Amefika siku isiyo yake tu.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na siku, barabara inafuata.

Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya soko

Mkamuaji anafuata soko la kijiji chake. Ukijua siku ya soko, umejua ratiba yake yote. Soko likiwa Ijumaa, pombe lazima iwe tayari Alhamisi usiku au Ijumaa alfajiri. Uchachukaji huchukua siku mbili mpaka tatu, basi ndizi zitakamuliwa Jumanne au Jumatano asubuhi. Kabla ya hapo zimekaa kwenye shimo la kuivishia siku nne mpaka sita, kwa hiyo mikungu ilikatwa wiki iliyotangulia.

Bukavu iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, ni wa baridi. Majira hayo ndizi zinachelewa kuiva na pombe inachelewa kuchachuka, kila hatua inaweza kuongezeka siku moja nzima. Usishangae mkamuaji akikuambia “njoo kesho” mara mbili. Anasema kweli.

Ukiwa na nafasi ya safari mbili, nenda asubuhi ya kukamua, halafu rudi siku mbili baadaye kuonja. Ndivyo unavyoielewa kasiksi vizuri, kwa sababu unakunywa kitu ulichokiona kikizaliwa. Ukiwa na safari moja tu, chagua: asubuhi ya kukamua kama unataka kujifunza, mchana wa siku ya pili kama unataka kunywa. Ukienda katikati, utakuta mtumbwi umefunikwa kwa majani na hakuna atakayekufunulia, kwa sababu baridi na vumbi vikiingia vinaiharibu.

Kumpata mkamuaji

Njia ya uhakika inaanzia mjini. Nenda kwa wamama wanaouza kwa bidoni, yale madumu ya plastiki, soko la Kadutu kwa mfano, au kwenye nganda, vilabu vidogo vya pombe vya mitaani, agiza kikombe kimoja, kisha uliza maswali mawili: “Mama, hii inatoka wapi? Na ilikamuliwa siku gani?” Muuzaji anayejibu la pili bila kufikiri ndiye wa kumfuata. Anamjua mkamuaji wake, pengine ni shemeji yake, na atakupatia namba ya simu. Yule anayesema “ni ya leo” kila siku, mshukuru, lipa, endelea.

Pombe ya mjini itumie kama kielekezo tu. Imepanda gari au mtumbwi wa ziwani, imetikiswa, na mara nyingi imeongezwa maji njiani, wakati mwingine na watu wawili tofauti.

Barabara ya kaskazini ndiyo yenye wakamuaji wengi walio karibu: Mudaka, Miti, Kavumu, mpaka Katana. Kando ya ziwa kuna Birava. Kusini kuna Nyangezi. Idjwi inafikiwa kwa boti na inataka kulala huko, usiipange kama safari ya kwenda na kurudi siku moja. Botini, vaa jaketi la kuokolea hata kama wengine wote hawajavaa. Ziwa Kivu hugeuka mchana.

Asubuhi ya safari piga simu kwa mtu anayeishi kule, muulize barabara ikoje siku hiyo. Hali ya usalama hubadilika, na habari ya juzi haitoshi. Chukua kitambulisho, usipige picha kwenye barieri, vile vizuizi vya barabarani, na panga kurudi jua likiwa bado juu. Motari, yaani dereva wa pikipiki, wa kukurudisha mkubaliane kabla hujaanza kuonja, na awe mtu ambaye hatakunywa kabisa. Atakapopewa kikombe, maana atapewa, mlipie soda.

Vya kubeba

Glasi mbili ndogo za kioo zisizo na rangi, za mililita 100 hivi. Kikombe cha plastiki au kibuyu kinaficha rangi, na rangi inasema mengi. Maji ya kunywa lita moja na nusu kwa kila mtu. Noti ndogondogo za franka, kwa sababu kijijini chenji ni shida. Daftari. Viatu vinavyooshwa.

Na kula kabla ya kutoka. Bugali na maharagwe, au mkate na chai ya maziwa, ilimradi tumbo lisiwe tupu. Kasiksi ya siku ya pili bado ina sukari nyingi, inateremka kama juisi, na mtu mwenye njaa hunywa vikombe vitatu kabla cha kwanza hakijamfikia kichwani.

Usibebe panga wala kisu chako shambani. Mnyauko wa migomba, ule ugonjwa wa bakteria uliothibitishwa Kivu ya Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 2000, husafiri kwa ute unaobaki kwenye chuma, na kwa wadudu wanaotua kwenye ua la dume. Ndizi za pombe, hasa aina ya kayinja, zinashikwa upesi sana. Mkungu wenye ugonjwa huiva ovyo, kidole kimoja kimanjano na jirani yake kibichi, na ukikikata nyama ya ndani ina madoa ya kahawia. Hautoi maji ya kunyweka. Shamba lililoingiwa linaweza kuishia kung’olewa, na familia ikakosa pombe, ada na karo kwa pamoja. Ukitoka shamba moja kwenda jingine, osha viatu, na usichukue jani la mgomba kama kumbukumbu.

Asubuhi ya kukamua: mambo ya kutazama

Fika saa moja asubuhi. Piga hodi, salimia wakubwa kwanza, mzee wa nyumba na mama, kisha vijana wanaofanya kazi. Sema wazi umekuja kuona na kujifunza, na kwamba siku ya pombe utarudi kununua. Sentensi hiyo ya mwisho hufungua milango. Mtu asiyenunua ni mpelelezi mpaka athibitishe vingine.

Omba kwanza kuoneshwa shimo. Ni shimo la kina cha mita moja hivi, limetandikwa majani ya mgomba, limepashwa joto kwa moto, ndizi zikapangwa ndani, zikafunikwa kwa majani na udongo. Nyumba nyingine hawachimbi, wanatundika mikungu juu ya jiko. Chukua kidole kimoja ukimenye. Ganda litoke lenyewe bila kung’ang’ania, liwe la manjano tupu. Kikiwa na kijani kwenye ncha, pombe itakaza ulimi, kwa sababu utomvu wa ndizi mbichi haujaisha. Kikiwa cheusi na chepesi kama uji, kimepitiliza: kikikandwa hakitoi maji, kinabaki rojo. Siku nzuri ya kukamua ni finyu hivyo, siku moja, labda moja na nusu.

Kukanda ndiyo sehemu ya kusimama karibu. Ndizi zilizomenywa humwagwa kwenye mtumbwi wa mbao pamoja na mafungu ya nyasi kavu, zile nyembamba ngumu zenye makali pembeni. Wanakanda kwa mikono, au kwa miguu iliyooshwa. Dakika kumi za kwanza hakuna kinachotokea ila rojo zito linalonata mpaka kwenye viwiko. Mgeni hudhani imeshindikana. Kisha, kama nusu saa hivi, sauti inabadilika. Ule mnato wa “pwata, pwata” unakuwa mlio wa maji, na kwenye pembe ya mtumbwi unaona maji ya rangi ya asali yanajitenga na kuanza kukimbia. Nyasi ndizo zimefanya kazi hiyo: zinakamata nyama ya ndizi na kufungua vijia vya maji kupita. Ukikanda bila nyasi unapata uji tu.

Maji haya ya kwanza ndiyo mutobe. Kilo 10 za ndizi na maganda yake hutoa lita tatu hivi, pungufu kidogo zikiwa kavu. Omba nusu glasi. Ni tamu kupita soda, nzito, na harufu yake inafanana na ndizi iliyookwa. Onja kidogo na uikumbuke, kwa sababu kila utakachokunywa keshokutwa utakilinganisha na hii.

Sasa tazama maji yanavyoongezwa, na uhesabu. Hapa ndipo pombe hugawanyika kuwa nzuri au nyepesi. Mutobe safi ina sukari kama gramu 200 kwa lita. Kila gramu 17 zikichachuka zote hutoa asilimia 1 ya kilevi. Mkamuaji akiweka ndoo moja ya maji kwa ndoo tatu za mutobe, anabaki na gramu 150 hivi: ikichachuka mpaka mwisho ingefika asilimia 8 au 9, lakini kwa siku mbili hufika 5 au 6 na utamu unabaki. Akiweka nusu kwa nusu, hata ikichachuka yote haivuki 6, na siku ya pili inaweza kuwa 3 au 4. Usimlaumu kwa hilo. Pombe ya soko la wengi huwekwa maji mengi ili kikombe kiwe cha bei nafuu, na ile ya mahari au ya kupokea wageni hukamuliwa tofauti. Ukitaka ile nzito, agiza kabla, na ulipe bei yake.

Uliza pia maji yanatoka wapi, na kama yamechemshwa. Ulizia kwa heshima lakini usiache kuuliza. Kipindupindu kinajulikana Kivu, na maji haya hayapiti motoni tena. Kwa mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na bado zinatosha kabisa kuua vijidudu, ilimradi yatokote kweli. Pombe iliyochachuka ina uchachu na kilevi vinavyopunguza hatari bila kuiondoa. Mutobe iliyoongezwa maji mabichi haina kinga yoyote. Ndiyo maana tunashauri mutobe uinywe kabla ya maji kuingia.

Mwisho huja mtama: umekaangwa mpaka uwe mwekundu wa kahawia, ukasagwa, ukachanganywa. Kilo moja mpaka mbili kwa bidoni ya lita 20 ndiyo kiasi cha kawaida. Unaipa pombe rangi, povu na uchungu kidogo unaokata utamu. Chachu yenyewe inaishi kwenye nyufa za mtumbwi, kwenye unga na kwenye masalia ya pombe iliyopita. Ndiyo sababu mtumbwi wa zamani huthaminiwa kuliko mpya, na hauoshwi kwa sabuni. Nusa unga: ukinukia kama kahawa, umekaangwa vizuri. Ukinuka moshi, ule uchungu hautatoka.

Siku ya kuonja

Mwenyeji atakunywa kwanza. Atapiga funda mbele yako, kisha akupe. Usiichukulie kama uchoyo. Katika eneo ambalo watu wanaogopa karuho, ile sumu inayosemwa kila msiba, funda la kwanza la mwenyeji ni ahadi kwamba uko salama. Pokea kwa mikono miwili, au kwa wa kulia ukiushika kwa wa kushoto. Pombe ikiletwa kwenye kibuyu chenye mrija mmoja, zamu huenda kwa umri. Ukihofia magonjwa, omba kwa upole kumiminiwa kwenye glasi yako tangu mwanzo. Kukataa mrija ukiwa umeshafika mbele yako ndiko kunakoumiza.

Kutema chini kama wafanyavyo waonjaji wa divai ni tusi hapa. Basi dawa ni kupunguza kipimo. Glasi tano za mililita 100, kila moja ya asilimia 6, zina kilevi cha gramu 24 hivi, karibu sawa na chupa moja kubwa ya Primus. Hapo inatosha kwa siku moja. Kunywa maji glasi moja kati ya kila mbili.

Anza na changa zaidi, malizia na kongwe zaidi: ya siku moja, ya siku mbili, ya siku tatu, kama nyumba hiyo au jirani wanazo. Ukianza na ya siku tatu, ya siku moja itaonekana maji ya sukari. Pombe nyingine za hapa, mandale ya mahindi na muhogo au musururu wa mtama, ziweke mwisho au siku nyingine kabisa, maana unga wake unafunika ulimi.

Iache glasi itulie dakika mbili. Inua kwenye mwanga: kasiksi njema ni ya kahawia hafifu au dhahabu yenye ukungu, na mapovu madogo yanapanda bila kukoma. Nusa kabla hujaitikisa. Unatafuta ndizi, mkate, kahawa kwa mbali. Kisha funda dogo, lizungushe mdomoni. Utamu unakuja mbele, uchachu kama wa maziwa mgando pembeni, uchungu wa mtama mwishoni, na joto kidogo kooni. Kimoja kikiwa peke yake na vingine havipo, kuna kitu kilienda vibaya. Andika hapohapo siku ya kukamua, kipimo cha maji, na ulichokisikia. Jioni hutakumbuka.

Sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, waliokaangwa wakakauka, na karanga, ndivyo vinavyoendana nayo vizuri zaidi. Pilipili iache mpaka umalize kuonja.

Ikiwa na kasoro, ilitoka wapi

Uchachu mkali unaochoma pua ni siki. Hewa iliingia, mtumbwi ulifunuliwa mara nyingi, au siku zimepita. Hairudi nyuma, na kuongeza sukari ni kuificha tu. Ukaukaji wa ulimi kama umekula ndizi mbichi ni kweli ndizi mbichi: shimo lilifunguliwa mapema. Harufu ya majani mabichi inatokana na nyasi ambazo hazikukauka. Harufu ya yai bovu kwa mbali hutokea kwenye pombe changa, mara nyingi hutoka yenyewe ukiiacha glasi wazi. Ikibaki, acha.

Tamu sana, bila mapovu, siku ya pili? Baridi ilizuia chachu. Irudishwe karibu na jiko usiku mmoja. Nyembamba, chungu, isiyo na utamu ingawa ni ya jana, ilizidishiwa maji. Utelezi, ute unaovutika kama wa bamia, ni bakteria, na hiyo usimeze, hata kwa adabu. Sema tumbo halijakaa sawa, weka glasi chini.

Ukigundua kasoro, usiitangaze mbele ya wateja. Mwite mkamuaji pembeni, muulize: “Hii iliwahi kufunuliwa?” Anayejua kazi yake atakuambia mwenyewe.

Kanyanga

Karibu kila mahali utaletewa pia kanyanga, pombe kali inayokenekwa kwa mvuke kutoka kasiksi iliyochacha. Ushauri wetu ni kutoionja safarini. Matunda yenye nyama nzito kama ndizi hutoa kiasi cha methanoli, kilevi chenye sumu, wakati wa kuchachuka, na wakati wa kukeneka hupita pamoja na kilevi cha kawaida. Wapo wanaomwaga ile inayotoka mwanzo, wapo wasioimwaga, na kuimwaga hakuiondoi yote. Mapipa na mabomba yaliyounganishwa kwa madini ya risasi yanaongeza sumu yake. Kuiwasha moto na kutazama rangi ya mwali hakuthibitishi chochote. Mtu aliyekunywa, kisha saa 12 mpaka 24 baadaye akaona ukungu machoni, akatapika au kuhema kwa kasi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo na daktari aambiwe wazi alichokunywa. Kusubiri alale kidogo kunaweza kumgharimu macho.

Kubeba nyumbani

Pombe iliyo ndani ya bidoni bado inachachuka na inatoa hewa. Bidoni ya lita 20 ijazwe lita 16 au 17, kifuniko kilegezwe robo mzunguko, isimamishwe wima kwenye piki, na kila nusu saa usimame uifungue kidogo. Ukikaza kifuniko juani, bidoni inavimba kama mpira, na ukiifungua nusu ya mali yako inakwenda barabarani. Chupa ya kioo iliyofungwa usithubutu kabisa, inapasuka na vipande vyake vinaruka. Chupa ndogo ya plastiki ina faida moja: ukiibonyeza na ikawa ngumu kama jiwe, unajua ni saa ya kuifungua.

Nyumbani weka kwenye frigo au mahali pa baridi, na uimalize kesho yake usiku. Frigo inapunguza mwendo, haiusimamishi. Anayetaka kuituma mbali anaweza kuipasha kwenye chupa ndani ya sufuria ya maji ya nyuzi 65 mpaka 70 kwa dakika 20 au 30, na hapo chachu inakufa, lakini ladha inageuka ya kupikwa na mapovu yanakwisha. Kwa kasiksi nzuri tunaona ni hasara.

Machicha yanayobaki chini usiyamwage, nguruwe na kuku wanayapenda. Na kama bidoni ni ya kuazima, irudishe imesuuzwa mara tatu kwa maji ya moto bila sabuni. Harufu ya sabuni hunata kwenye plastiki, na pombe ya soko lijalo itakosa povu.